Kutembezwa katika Unguja ya 1964: tathmini ya ziara ya historia ya Mapinduzi na Muungano

Mjini Unguja watembeza wageni ni wengi na njia zao zinafanana: soko la watumwa la Mkunazini, milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kobe wakubwa wa Changuu. Huduma ninayoitathmini hapa imejitenga na njia hizo. Inamchukua mgeni katika miezi minne ya mwaka 1964, tangu Mapinduzi ya Januari 12 hadi Muungano wa Aprili 26, na kumwonyesha, mtaa kwa mtaa, namna serikali ya kimapinduzi ya visiwa viwili vidogo ilivyozishughulisha Washington, London, Moscow, Peking, Bonn na Berlin Mashariki, na kabla ya hizo zote, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ni huduma nzuri na ninaipendekeza. Hata hivyo inapungukiwa mahali pamoja penye uzito mkubwa, nako ni katika kueleza kazi iliyofanywa na majirani, na kwa kuwa nalithamini sana somo hili nitalieleza jambo hilo kwa kirefu.

Anayeitoa huduma hii ni mwalimu mstaafu wa historia pamoja na vijana wawili wanaomsaidia. Hawana ofisi, wanapatikana kwa kuulizia Forodhani, na ni vyema kuulizia mapema asubuhi kabla papasi, yaani madalali wa watalii, hawajakuzonga. Wana mzunguko mfupi wa kutembea kwa miguu tu unaoanzia Forodhani na kuishia Raha Leo, na mzunguko mrefu ambao baada ya Raha Leo unaendelea kwa gari hadi Ziwani na Tunguu. Mimi nilichukua mrefu. Bei yake kwa mwananchi inavumilika, maji ya kunywa yamo ndani ya malipo, na kundi letu lilikuwa dogo kiasi kwamba kila mtu alipata nafasi ya kuuliza. Mwalimu huyo, ambaye wote tulimwita Maalim, anazungumza Kiswahili kilichotulia, hapandishi sauti, na akiulizwa swali hujibu swali lile lile aliloulizwa, jambo ambalo kwa watembeza wageni ni adimu.

Mzunguko unaanza mbele ya Makumbusho ya Kasri, ubavuni mwa Beit el Ajaib ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hapo Maalim anaweka msingi: uhuru wa Desemba 10, 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohamed Shamte Hamadi, chama cha Afro-Shirazi kilichopata kura nyingi lakini kikakosa viti vya kutosha kuunda serikali, Umma Party ya Abdulrahman Babu, chama cha mrengo wa kushoto kilichokuwa kimepigwa marufuku, kisha usiku wa kuamkia Jumapili ya Januari 12, siku 33 tu baada ya bendera kupandishwa. Anayasema haya kwa ufupi na kwa haki. Kisha anaonyesha bahari na kueleza kwamba Sultani na jamaa zake waliondokea hapo kwa chombo chake, Seyyid Khalifa, na angekuwa tayari kuendelea mbele lau si mama mmoja kutoka Mombasa aliyekuwa katika kundi letu.

“Maalim,” alisema, “sisi kwetu wazee husema chombo cha Sultani kilifika Kilindini kikarudishwa. Aliyekirudisha ni nani, Mwingereza au Kenyatta?”

“Serikali ya Kenyatta, bibi yangu,” alijibu Maalim. “Mwingereza alikuwa ameshaondoka Nairobi mwezi mmoja nyuma. Huo ulikuwa uamuzi wa Kenya wenyewe.”

Jibu hilo, na maelezo yaliyofuata, kwangu yalikuwa sehemu bora ya siku nzima, na linasikitisha jambo kwamba lilitokana na swali la mgeni badala ya kuwa katika mpango wa ziara. Maalim alieleza kwamba ukanda wa pwani ya Kenya, maili 10 kuingia bara, kwa mkataba ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwishoni mwa ukoloni, na kwamba Oktoba 1963 tu ndipo ilipokubaliwa London kuwa ukanda huo uingie moja kwa moja katika Kenya huru. Mombasa, Malindi na Lamu walikuwako watu waliodai Mwambao ujitenge. Kwa hiyo Januari 1964 serikali changa ya Nairobi ilipoambiwa kwamba Sultani yuko baharini anaomba kuteremka Mombasa, haikuwa ikimfikiria mkimbizi peke yake. Ilikuwa ikifikiria nini kitatokea iwapo mtu ambaye juzi alikuwa na haki ya jina juu ya pwani yake ataishi miongoni mwa watu ambao baadhi yao walimtaka. Chombo kikageuzwa, Sultani akateremkia Dar es Salaam, na kutoka hapo akapelekwa Uingereza. Wakati huohuo Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuitambua serikali mpya ya Abeid Karume, ilhali Uingereza na Marekani zilikawia hadi mwishoni mwa Februari.

Mama yule wa Mombasa alitikisa kichwa na kusema kwamba sasa ameelewa kwa nini marehemu baba yake alikuwa akinyamaza kila Sultani anapotajwa. Sijui kama watayarishaji wa ziara wanatambua kwamba hapo ndipo penye somo lao. Mataifa makubwa yalikuwa bado yanauliza Okello, kamanda wa Mapinduzi, ni nani, na majirani walikwisha kuamua mambo mawili: nani hatapokewa na nani atatambuliwa.

Kutoka Forodhani tunakwenda Mnazi Mmoja. Hapa ziara inatumia vizuri majengo yanayoonekana. Hospitali ya Mnazi Mmoja ilipata kuitwa V.I. Lenin, na madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka huohuo wa 1964. Timu zao zimeendelea kuja hadi leo. Si mbali kuna Beit el Amani, jumba la makumbusho la kuba nyeupe lililofunguliwa 1925, na uwanja wa Mao Tse-tung uko Kikwajuni, hatua chache mbele. Kijana mmojawapo wa wasaidizi ndiye anayeeleza sehemu hii, na anaeleza kwa bidii, ila anapenda mno kuhesabu majina ya wakubwa: hili la Mrusi, hili la Mchina, hili la Mjerumani. Msikilizaji anabaki na picha ya kisiwa kinachogawanywa na wageni, bila kuonyeshwa kwamba walikuwako Wazanzibari waliokuwa wakiomba, wakipima na wakikataa.

Kikwajuni, chini ya maghorofa yaliyojengwa na Wajerumani wa Mashariki, Maalim anarudi kushika uongozi na ziara inapanda daraja. Tulisimama kwenye kivuli cha jengo moja, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye roshani za saruji juu yetu na watoto wakishuka ngazi wakiwa na madumu ya maji, naye akaeleza suala la Ujerumani mbili kwa namna ambayo sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi kwa Kiswahili. Mwishoni mwa Januari 1964 Zanzibar iliingia katika uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Mashariki, ikawa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Bonn ilikuwa na kanuni iliyojulikana kwa jina la Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Berlin Mashariki isitazamie uhusiano wa kawaida na Ujerumani Magharibi. Aprili nchi mbili zikawa moja, na nchi hiyo moja ikajikuta ina balozi wa Berlin Mashariki Unguja na balozi wa Bonn Dar es Salaam.

Maalim anasisitiza, na ninakubaliana naye, kwamba mzozo huu unaonyesha kuliko mwingine wowote jinsi serikali ya kimapinduzi ilivyobeba ahadi zake hadi ndani ya Muungano. Karume hakutaka kuwaacha Wajerumani wa Mashariki, kwani hao ndio waliokuwa wakimjengea nyumba watu wake. Nyerere alikuwa na msaada wa Bonn, ukiwamo wa mafunzo ya kijeshi ya anga na majini. Baada ya miezi mingi ya mvutano, mwanzoni mwa 1965 ulipatikana ufumbuzi: ubalozi wa Ujerumani Mashariki Unguja uondolewe, na badala yake pawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam usiokuwa na maana ya kuitambua nchi hiyo rasmi. Bonn haikuridhika, ikaondoa wataalamu wake wa kijeshi. Nyerere naye hakukubali msaada utumike kumshurutisha, akaikataa misaada ya serikali ya Ujerumani Magharibi iliyobaki. Nchi maskini ilipoteza fedha nyingi kwa uamuzi huo. Nchi zisizofungamana na upande wowote zilisema maneno mengi katika miaka ile. Hapa palikuwa na gharama iliyolipwa, na maghorofa yale, ambayo rangi yake imechujuka na mabomba yake yanavuja, ni sehemu ya hesabu hiyo. Michenzani tulipita haraka, tukaambiwa juu ya ramani ya mji mpya iliyochorwa na Wajerumani wa Mashariki na juu ya kazi ya kujitolea ya wananchi, kisha Kisiwandui, alikouawa Karume Aprili 7, 1972 na alikozikwa. Pale hakuna haja ya maneno mengi na hayakusemwa mengi.

Raha Leo ni kituo ambacho nilikitazamia sana, nacho kiliniacha na masikitiko. Ni mahali palipokuwa na kituo cha redio, na ndipo wanamapinduzi walipoweka makao yao siku zile za mwanzo. Ndipo sauti ya John Okello, mtu wa Lango kutoka Uganda aliyejiita Field Marshal, ilipotoka ikitoa amri na vitisho vilivyosikika hadi bara. Kuhusu Okello mwenyewe maelezo yalitosha, pamoja na jinsi Karume alivyomzuia kurudi kisiwani mwezi Machi alipokuwa ametoka safari ya bara, akapelekwa Dar es Salaam. Lakini kuhusu waliouawa katika wiki zile, Waarabu kwa wingi na Wahindi pia, na kuhusu waliokimbia kwa majahazi na kuacha kila kitu, tulipewa sentensi moja: “Palitokea maafa.” Siulizi hesabu, kwa sababu hesabu zinazotajwa zinapishana mno. Ninasema kwamba mtu anayelipa ili aelezwe 1964 anastahili kuelezwa kwamba familia nyingi za Muscat, Dubai, London na Mombasa zina msiba wa siku zile, na kwamba msiba huo nao uliingia katika diplomasia: ndio uliozipa serikali za Magharibi sababu ya kutuma manowari karibu, ndio uliowatia wasiwasi majirani waliokuwa na raia wa asili hizohizo miongoni mwao, na ndio mpaka leo unaofanya kila mjadala wa Muungano uwe na uchungu ambao hauko katika karatasi. Maalim ni mtu mwadilifu, na ninaamini anao uwezo wa kulisema jambo hili kwa heshima ya pande zote. Ningemwomba alitafutie maneno.

Baada ya Raha Leo, wenye tikiti ya mzunguko mfupi wanaaga na waliobaki wanaingia garini. Ziwani, makao ya polisi ambako ghala la silaha lilitekwa usiku wa Mapinduzi, hatukuteremka. Picha haziruhusiwi, na gari lilipita tu huku kijana akionyesha kwa kidole. Sina lawama kuhusu picha. Lawama yangu ni kwamba hapa ndipo pangekuwa mahali pa kusimulia habari kubwa zaidi ya ujirani kuliko zote za mwezi ule, na haikusimuliwa kabisa. Siku chache baada ya Mapinduzi, Nyerere alipeleka askari polisi wa Tanganyika Unguja kumsaidia Karume kurudisha utulivu, maana serikali mpya ilikuwa na silaha nyingi mitaani na polisi wachache wa kuaminika. Januari 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, mji mkuu ukiwa umepungukiwa na polisi wale wale. Rais akajificha, Oscar Kambona, waziri wake wa mambo ya nje na ulinzi, akaenda kuzungumza na waasi, na maasi yakarukia Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Mwishowe serikali tatu huru zikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza. Dar es Salaam waliteremka makomando kutoka manowari ya Centaur.

Ukiitazama Zanzibar kwa jicho la mkasa huo, kila kitu kinabadilika sura. Aliyempelekea Karume polisi ndiye aliyekaribia kupoteza dola yake mwenyewe, tena akaokolewa na mkoloni wa jana, fedheha ambayo Nyerere hakuificha: Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam, akawaeleza waziwazi, na kikao kikakubali askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ikaleta kikosi. Kwa kiongozi aliyepita katika hayo, suala la nani anashika bunduki Unguja, na ni bunduki za nani, halikuwa suala la nadharia za ukomunisti. Waingereza nao walikuwa na mpango wa kijeshi wa kuingia Zanzibar, ulioitwa Parthenon, endapo mrengo wa Babu ungeonekana kushika hatamu. Haukutekelezwa. Mtu akiyajua haya anaelewa kwa nini jirani mwenye nia njema kwa Karume angeharakisha ufumbuzi wa Kiafrika kabla ya wengine kuleta wa kwao. Anayepita Ziwani bila kuambiwa haya amenyimwa ufunguo wa mlango.

Tunguu, kituo cha mwisho, ni safari ya gari kati ya miembe na minazi kuelekea kusini mashariki. Huko Wamarekani walikuwa na kituo cha mitambo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury, na baadhi ya vyama vya siasa vya kabla ya uhuru vilikipinga vikisema ni mtego wa kijeshi utakaokiingiza kisiwa katika vita visivyokihusu. Aprili 1964 Karume aliwaagiza Wamarekani wakiondoe. Mgeni asitegemee kuona mitambo. Anachokipata ni Maalim aliyeketi juu ya kiti cha kukunja chini ya mwembe, akifungua mkoba na kugawa nakala za Hati ya Muungano zilizotiwa katika mifuko ya plastiki, na nusu saa iliyofuata ndiyo inayofanya mzunguko mrefu ustahili kila shilingi ya ziada.

Anatutaka tusome kwa zamu, kwa sauti, orodha ya mambo 11 yaliyokubaliwa na Nyerere na Karume Aprili 22, 1964 kuwa ya Muungano. Katiba na serikali ya Jamhuri ya Muungano. Mambo ya nje. Ulinzi. Polisi. Mamlaka ya hali ya hatari. Uraia. Uhamiaji. Biashara ya nje na mikopo. Utumishi wa Jamhuri ya Muungano. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha na wa bidhaa. Bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Kisha anauliza swali moja tu: “Elimu iko wapi? Kilimo? Afya?” Hakuna hata moja. Mama wa Mombasa ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wote tulikuwa tumekiona, kwamba karibu orodha nzima ni ya mipaka, silaha, wageni na fedha zinazotoka nje. Mtu akivisoma vile vipengele vya biashara ya nje na mikopo pamoja na vile vya polisi na hali ya hatari, anaviona kuwa majibu ya maswali ya Januari, Februari na Machi: polisi wa nani, balozi wa nani, mkopo kutoka kwa nani, meli ya nani itie nanga wapi. Hapo kazi za ndani ziliachiwa Baraza la Mapinduzi, na kile kilichokuwa kikiwahangaisha majirani na mataifa makubwa kikahamishiwa Dar es Salaam.

Nimesoma na kusikia mambo mengi kuhusu Hati hiyo, hasa tangu mjadala wa Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, ambapo watu walidai kuonyeshwa nakala halisi yenye sahihi na serikali ikaionyesha. Lakini kuisoma orodha kwa sauti, kipengele kwa kipengele, baada ya kutembea siku nzima katika mitaa ambayo vipengele hivyo vilitokana nayo, ni ufundi wa mwalimu anayejua kazi yake.

Kuna hoja moja ya Maalim ambayo siikubali. Alipomaliza, kijana mmoja katika kundi alimwuliza kama Muungano ulitengenezwa Washington, naye akajibu kwamba kwa sehemu kubwa ndivyo. Ni kauli inayopendwa na watu wengi, wa mirengo inayopingana. Ni kweli kwamba Wamarekani na Waingereza waliogopa Zanzibar isije kuwa Cuba ya Afrika, na kwamba waliwahimiza viongozi wa Afrika Mashariki wamkaribie Karume na kumtenga Babu. Kutaka jambo na kulitenda ni vitu viwili. Nyerere alikuwa ametia sahihi pamoja na Kenyatta na Obote tamko la Nairobi la Juni 1963 la kuunda shirikisho, na mazungumzo ya shirikisho hilo yalikuwa yakififia katika majuma yaleyale ya Aprili 1964; mtu aliyekuwa na wazo hilo kichwani tangu kabla ya uhuru hakuhitaji kufundishwa na balozi. Aliyeandika rasimu alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, Roland Brown. Karume, kwa upande wake, alikuwa na hesabu zake za ndani: Okello alikuwa ameondoka, Umma Party ilikuwa na vijana waliopata mafunzo na silaha, na Muungano ulimpa mlinzi. Babu alikuwa safarini Asia. Ukisema kwamba haya yote yalipangwa kwingine, unawavua Karume na Nyerere sifa, na unawavua pia dhamana. Lawama ya kwamba wananchi wa pande zote mbili hawakuulizwa ni ya viongozi hao wenyewe, na ni lawama nzito. Hatuwezi kuwatwisha Wamarekani.

Mwaka uliofuata unathibitisha kwamba aliyefikiriwa kuwa amefungwa na Magharibi hakuwa amefungwa. Januari 1965 Tanzania, jina lililoanza kutumika Oktoba 1964, iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kimarekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa konseli Unguja, kwa tuhuma za njama zilizotokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Marekani ikajibu kwa kumfukuza afisa wa ubalozi wa Tanzania, nayo Tanzania ikamwita balozi wake nyumbani. Carlucci huyo baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Februari Nyerere akaenda China, Juni Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akaja Dar es Salaam, na Desemba Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru. Ziara haifiki huko na sidai ifike, lakini sentensi mbili za mambo haya pale Tunguu zingemsaidia kijana yule aliyeuliza swali.

Yapo mapungufu madogo ambayo yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Karatasi ya maelezo tunayopewa mwanzoni iko kwa Kiingereza peke yake, ingawa siku ile kundi zima lilikuwa la wasemaji wa Kiswahili; waliposikia ombi letu walisema wataitafsiri, na nawahimiza wasikawie. Ramani iliyomo haina jina la Ziwani wala Tunguu. Gari lilikuwa safi lakini viti vya nyuma vilibana, na wazee wawili walipata taabu kupanda. Mapumziko ya adhuhuri yanatosha kwa sala na chakula, na mahali walipotupeleka kula, wali wa nazi na samaki wa kupaka, palikuwa pazuri na hapakuwa na bei ya kitalii.

Kwa mwenye muda mchache mzunguko mfupi si mbaya, ila ajue kwamba utamwonyesha zaidi majengo ya wakubwa kuliko maamuzi ya majirani. Walimu wa sekondari wenye vidato vya historia ningewashauri wachukue mzunguko mrefu, waagize mapema wapewe Maalim mwenyewe badala ya wasaidizi peke yao, na wamwambie wazi tangu Forodhani kwamba wanataka habari za Kilindini, Colito na kikao cha Dar es Salaam. Akiulizwa anazo, na anazitoa vizuri sana.